Shigeto Kuramochi na Pasi ya Dakika ya Themanini na Saba

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema popote mlipo, mlio bado kazini na mliokwisha kufika nyumbani. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamjawahi kulisikia jina lake, na wachache wenu mliwahi kumzomea mkiwa mmesimama kando ya uwanja wa Goba.

Jina lake ni Shigeto Kuramochi. Alikuwa Mjapani. Alikuwa mchezaji wa kiungo. Aliichezea timu ya Vilima ya Goba kwa misimu miwili, akaondoka na jina baya. Mwezi wa nne mwaka huu alifariki dunia nyumbani kwao Japani kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Aliyetuomba tumkumbuke ni Erasmus Ndunguru. Erasmus ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha palepale Goba, mzaliwa wa Songea, na wakati ule alikuwa mshambuliaji wa Vilima. Alitufuata mwenyewe. Alisema ana neno la kusema juu ya pasi moja. Pasi moja tu, wasikilizaji wapendwa, iliyopigwa dakika ya themanini na saba, miaka tisa iliyopita. Tutaifikia. Lakini mpigaji wa pasi hiyo anastahili kujulikana kwanza.

Shigeto alizaliwa mwaka elfu moja mia tisa themanini na tano, katika mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Japani. Baba yake alikuwa tarishi wa posta. Mama yake alipika katika jiko la shule. Theluji hufunika viwanja vya mji huo kwa miezi minne kila mwaka, na watoto wapendao mpira huhamia ndani, kwenye ukumbi wa shule. Ukumbi ule ulikuwa mwembamba. Watoto kumi na wawili, mpira mmoja, kuta nne. Ukikaa na mpira unapokonywa. Ukigeuka bila kutazama unagonga ukuta, au unamgonga mwenzako. Basi kabla hajatimiza miaka kumi Shigeto alikuwa amekwisha kujifunza kutazama kabla mpira haujamfikia, na kuuachia mara tu unapomfikia.

Dada yake mdogo, Michiru, anayakumbuka hayo hata mezani. "Nilikuwa nikimnyatia kwa nyuma nimwibie kipande cha samaki," anasema. "Sikufanikiwa hata siku moja. Bila kugeuka alisema: Michiru, rudi ukakae."

Akiwa na miaka kumi na minane alijiunga na timu ya kiwanda, daraja la tatu. Miaka mitatu baadaye alichukuliwa na klabu ya daraja la pili, na huko akacheza misimu mitano. Mechi mia moja na kumi na mbili. Mabao manne. Narudia: mechi mia moja na kumi na mbili, mabao manne tu. Mwenye kumpima kiungo kwa mabao atasema huyu hakuwa kitu. Lakini msimu alioumia goti la kulia, klabu ile ilishuka daraja, na washambuliaji wake wawili waliokuwa wakifunga kila wiki wakawa kama watu waliosahau kazi yao.

Goti lilipasuliwa mara mbili. Halikurudi lilivyokuwa. Shigeto akaacha mpira wa malipo, akasomea ualimu wa michezo, na mwezi wa pili mwaka elfu mbili na kumi na nne akaja Tanzania kwa kujitolea. Alipangiwa shule moja ya sekondari huko Boko. Mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyo, Mwalimu Tekla, ndiye aliyemfundisha lugha yetu. Chumba alikipata Goba, kwa sababu, alivyosema yeye, vilima vilimkumbusha kwao.

Uwanja wa Goba wa wakati ule ulikuwa na mteremko. Kulikuwa na goli la juu na goli la chini. Ukishambulia goli la chini, mpira unakimbia wenyewe. Ukishambulia la juu, pasi ya mita kumi inataka nguvu ya mita kumi na tano. Jioni ya kwanza Shigeto alifika kabla ya wote. Akauweka mpira katikati, akautazama unavyobingirika mpaka ukasimama. Akaurudisha. Akautazama tena. Kocha wa Vilima, Leonardi, alimkuta katika hali hiyo.

"Nikamuuliza, braza, vipi, umepotea?" anasimulia Leonardi. "Akanijibu kwa Kiswahili cha darasani: 'Shikamoo, kocha. Ninausoma uwanja.' Nikacheka mpaka basi. Mie na yeye umri mmoja, shikamoo ya nini! Ila baada ya wiki mbili nikaacha kucheka. Jamaa alikuwa anajua mpira utasimama wapi kuliko sie tuliozaliwa pale."

Namna gani alicheza? Mfikirieni mtu mfupi, mwembamba, anayetembea zaidi ya anavyokimbia. Kabla mpira haujamfikia, anatupa jicho bega la kulia, kisha bega la kushoto, haraka, kama dereva anayetaka kuhama njia. Vijana wa Goba wakamwita Saitimira, kile kioo cha ubavuni mwa gari. Mpira ukimfika, haukai. Mguso mmoja, umekwenda. Na mara nyingi ulikwenda mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hilo ndilo lililowaudhi mashabiki. Mpira wa mitaani kwetu una raha zake. Watu hutaka chenga, hutaka beki apigwe kanzu, hutaka tobo, hutaka mtu wa kumshangilia kwa jina. Shigeto hakuwapa hata kimoja.

Mauwa, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga upande wa goli la chini, alikuwa na sauti iliyosikika mpaka barabarani. "We Mjapani! Mpira si kaa la moto huo! Kaa nao japo kidogo, tukuone!"

Siku moja baada ya mechi Shigeto alimfuata kwenye meza yake ya mihogo, akamwambia kwa utaratibu: "Dada Mauwa, nikikaa nao, wewe unaniona. Lakini beki pia ananiona."

"Akanipa maneno, na mihogo akanunua juu yake," anasema Mauwa, na anacheka.

Erasmus, kwa upande wake, alikuwa mchezaji aliyependwa. Alikuwa na chenga. Alikuwa na mbio. Kitu ambacho hakuwa nacho, na anakikiri mwenyewe, ni kujua kukimbia pasipo mpira. "Mie nilikuwa nasimama, nanyoosha mkono, naomba. Nikipewa, nawaonesha. Nisipopewa, nalalamika. Basi."

Shigeto alianza kupita karakana kwake akitoka shuleni. Aliokota chaki ya fundi, akachora juu ya bati la geti lililokuwa linasubiri kukatwa. Goli. Beki wawili. Duara moja la Erasmus. Kisha mstari mrefu kuelekea mlingoti wa pili wa goli, mahali ambapo hapakuwa na duara lolote. "Hapa," alisema, akigonga bati kwa kidole. "Mimi ninapiga hapa. Wewe hupo. Lakini utakuwepo." Erasmus alimuuliza atajuaje muda. Shigeto akashika kola ya shati lake. Hiyo ndiyo ikawa ishara yao. Akishika kola, Erasmus asimtazame tena yeye wala mpira; akimbilie mlingoti wa pili.

Msimu wa kwanza ishara hiyo ilizaa mabao mawili. Msimu wa pili ilizaa kumi na moja. Narudia, wasikilizaji wapendwa: mabao kumi na moja. Goba nzima iliimba jina la Erasmus. Wateja wa mageti walikuja kumwona mfungaji. Na Shigeto, aliyesimama mita ishirini nyuma ya kila bao, alikuwa akipiga makofi mara mbili na kurudi zake katikati, akitazama bega la kulia na bega la kushoto.

Sasa tufike kwenye mechi yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, mwaka elfu mbili na kumi na sita. Mechi ya kupanda kwenda ligi ya mkoa. Vilima ya Goba na timu moja ya Chanika, katika uwanja wa Temeke uliozungushiwa ukuta. Sare iliwatosha Chanika. Vilima walihitaji kushinda.

Wapenzi wa soka letu mnalijua jambo hili bila kufundishwa. Kamati ya Vilima ilikuwa imehofia dawa iliyoweza kuwa imefukiwa getini, na ikaagiza wachezaji wote waingie kwa kuruka ukuta wa nyuma. Wote waliruka. Shigeto aliutazama ukuta, akalishika goti lake la kulia, akamwomba radhi kocha, akazunguka na kupita getini. Alipofika kwenye mstari wa uwanja aliinama kidogo, kama alivyouinamia kila uwanja tangu utotoni. Siku nyingine zote watu waliuchekea mwinamo ule. Siku ile hakucheka mtu.

Dakika ya themanini na saba timu zilikuwa zimefungana bao moja kwa moja. Mpira ukamfikia Shigeto nje kidogo ya eneo la kumi na nane. Mabeki wawili wa Chanika wakamwendea. Nyuma yao, kwenye mlingoti wa pili, pakabaki uwazi ambao hata mtoto angeuona. Shigeto akashika kola.

Erasmus aliiona. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya kipindi hiki. Erasmus aliiona ishara. Alikuwa na pumzi. Alikuwa na nafasi. Hakukimbia.

Kando ya uwanja, tangu mwanzo wa mechi, alikuwa amesimama bwana mmoja mwenye kofia nyeupe. Ilisemekana ametumwa na klabu kubwa ya mjini kutazama vipaji. Erasmus alikuwa na miaka ishirini na minne, na aliwaza, kwa muda mfupi kuliko ninavyolisema, kwamba akikimbilia mlingoti wa pili na kuusukuma mpira kwa unyayo, bwana yule ataona nini? Bao la kuokota. Lakini akipewa mpira mguuni, pale pembeni ya kumi na nane, ampige beki chenga, ampige na wa pili, ndipo afunge! Akasimama. Akanyoosha mkono.

Pasi ilikuwa imekwisha kupigwa. Ikakata mbele ya goli lote, ikapita kwenye ule uwazi, polepole kidogo, ikiwa na uzito ule ule iliokuwa nao mara kumi na moja. Beki wa Chanika akaikuta upande wa pili. Akainua kichwa. Pasi tatu, na mpira ukawa kwenye nyavu za Vilima. Mbili kwa moja.

Bwana wa kofia nyeupe, ilijulikana baadaye, alikuwa shemeji wa mshika kibendera. Alikuja kutazama mpira tu, kama watu wengine.

"Kauza!" Sauti ilianzia jukwaa la nyuma. "Mjapani kauza mechi! Si mlimwona kapita getini? Mpira kampelekea nani pale, jini?"

Kesho yake, Jumapili alasiri, kamati ilikaa barazani kwa Mzee Gaspar, mwenyekiti wa timu. Wachezaji wote waliitwa. Hoja zilikuwa tatu, na kila mtu alizirudia. Alipita getini. Aliinama. Akapiga pasi pasipo na mtu. Kocha Leonardi alijaribu kusema habari za goti, akaambiwa atulie. Kisha Mzee Gaspar, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza swali la haki kabisa.

"Erasmus, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa mbele. Ile pasi ilikuwa yako, au haikuwa yako?"

Erasmus anasema aliwasikia kuku wa Mzee Gaspar wakiparura nyuma ya nyumba. Shigeto alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mikono juu ya magoti, akimtazama. Hakumtazama kwa kumtisha. Alimtazama kama mtu anayetaka kujua.

"Sikuwa tayari, mzee," akasema Erasmus. "Mpira ulikuja mapema."

Hilo ndilo neno. Mpira ulikuja mapema.

Shigeto alifikiri kidogo. Kisha akasimama, akaweka mikono ubavuni, akainama mpaka kiunoni mbele ya kamati. "Kama Erasmus amesema mapema, ni mapema," akasema. "Kosa ni langu. Samahani sana."

Kwao, mtu mzima huomba radhi hivyo hata kwa mvua iliyonyesha siku ya sherehe yake. Barazani kwa Mzee Gaspar, mtu anayekiri kosa bila kubanwa amekiri yote. "Si mnaona?" mjumbe mmoja akaruka. "Kakubali mwenyewe! Tunataka nini tena?"

Jumanne jioni, kabla ya mazoezi, tangazo lilitolewa uwanjani kwa kipaza sauti, likasikika Goba nzima. Shigeto Kuramochi ameondolewa Vilima kwa kuihujumu timu.

Aliendelea kufundisha Boko mpaka mwezi wa kumi na moja, muda wake ulipokwisha. Siku mbili kabla ya safari alipita karakana. Erasmus alimwona akija kwa mbali. Akashusha ngao ya kuchomelea usoni, akawasha mashine, akachoma chuma ambacho kilikuwa kimekwisha kuungana. Shigeto alisimama nje ameupa mgongo ule mwanga, akasubiri. Erasmus akaendelea kuchoma. Alipozima, hapakuwa na mtu.

Wasikilizaji wapendwa, mnaweza kusema mambo hayo ni ya mpira tu, na mpira hupita. Erasmus naye alijiambia hivyo kwa miaka tisa. Alioa. Akapata watoto. Kila mwisho wa mwaka Mwalimu Tekla alipata barua kutoka Japani, imeandikwa kwa Kiswahili safi kuliko cha wanafunzi wake, na kila barua ilimalizika kwa maneno yale yale: Msalimie Erasmus. Mwalimu Tekla hakukosa hata mwaka mmoja. Alipita karakana, akazifikisha salamu. Erasmus alijibu, "Zimefika, mwalimu," na akainamia kazi yake.

Mwezi wa tano mwaka huu Mwalimu Tekla alipita nje ya majira yake. Hakuleta salamu. Alileta barua ya Michiru, aliyoitafsiri mwenyewe, na akamsomea Erasmus akiwa amesimama mlangoni. Michiru alieleza ugonjwa, na miezi, na siku ya mwisho. Kisha akaeleza jambo ambalo, alisema, familia yake haikulielewa kamwe. Kwa ruhusa yake tunalisoma.

"Kaka yangu alirudi kutoka kwenu akaichezea timu ya ridhaa ya mji wetu. Watu walijaa kumwona, kwa sababu walimkumbuka. Lakini hakuwa yule tuliyemjua. Mpira ukimfika alikuwa akikaa nao. Alimngoja mwenzake aanze kukimbia, ndipo apige, na hapo mabeki walikuwa wameshafika. Msimu wa tatu akaachwa. Nilimuuliza kwa nini anacheza hivyo. Akasema: huko Tanzania nilipiga pasi mapema, nikaivunja timu ya rafiki yangu. Kisha akawa kocha wa watoto. Zoezi lake la kwanza kila siku lilikuwa kukaa na mpira na kuhesabu moja. Aliwafundisha neno moja la lugha yenu. Siku ya mazishi watoto walilisema mbele ya jeneza. Ngoja."

Mwalimu Tekla alikunja barua. Erasmus hakuwa na ngao usoni siku hiyo.

Ile karama, wasikilizaji wapendwa, iliyoota katika ukumbi mwembamba wakati wa theluji, mguso ule mmoja uliowafanya wengine wafunge na yeye asionekane, mwenyewe aliirekebisha kama ulemavu. Aliirekebisha kwa sababu ya neno la mtu aliyemwamini. Na neno lile lilikuwa la uongo.

Usiku huo Erasmus alimweleza mkewe, Jenipher. Haikuwa habari mpya kwake.

"Umeniambia mie tangu mwaka wa kwanza wa ndoa," Jenipher alimjibu. "Na mie nikakwambia nini? Mie si kamati, baba Blessing. Mie siwezi kukusamehe kwa niaba ya mtu."

Asubuhi yake akaenda kwa Mzee Gaspar. Mzee sasa anatembea kwa mkongojo na husikia kwa sikio moja, kwa hiyo Erasmus alilazimika kuyasema kwa sauti, na majirani wakasikia. Akamaliza. Mzee Gaspar akauegemeza mkongojo wake ukutani.

"Nilikuuliza," akasema. "Mbele ya watu nilikuuliza, Erasmus."

"Uliniuliza, mzee."

"Nikamfukuza mtu mwenye goti bovu kwa sababu hakuruka ukuta." Akatikisa kichwa. "Sasa umekuja kwangu nikufanye nini? Sisi yule tulimtangaza kwa kipaza sauti. Na wewe katafute kipaza sauti."

Ndivyo Erasmus Ndunguru alivyofika kwenye studio zetu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hakutaka maji. Aliomba asikatizwe. Haya ndiyo maneno yake, na hatukupunguza kitu.

"Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Mie ni Erasmus, nilikuwaga namba tisa wa Vilima. Ile mechi ya Temeke, Shige alishika kola. Nilimwona. Nilitakiwa nikimbie, sikukimbia, nilitaka sifa. Pasi ilikuja kwa wakati wake. Haikuwa mapema. Halafu kwenye kamati nikadanganya, na yeye akaniamini. Hakuuza mechi. Yule jamaa hakujua hata kuuza njugu. Mechi niliiua mie. Mabao yangu yote mnayoyakumbuka ni yake, na alama za chaki zilikuwepo kwenye mabati yangu. Aliniletea salamu mara nane. Mara nane, jamani. Sikumjibu hata moja. Ndo hivyo."

Maneno hayo Mwalimu Tekla aliyatafsiri na kumpelekea Michiru. Siku nne zikapita bila jibu. Siku ya tano likaja, fupi. Michiru hakusema kama amesamehe, na sisi hatukumuuliza. Aliandika kwamba amemsomea mama yao, naye mama akaomba asomewe tena ile sehemu isemayo kuwa haikuwa mapema. Akaandika pia kwamba kocha aliyerithi watoto wa Shigeto ameuliza sasa awafundishe nini: waendelee kuhesabu moja, au waache?

Erasmus alimjibu papo hapo, pale karakana, Mwalimu Tekla akiandika juu ya goti. "Mwambie waache. Wauachie hapo hapo. Wa mbele wakimbie."

Kwa mama mzazi wa marehemu, kwa dada yake Michiru, na kwa watoto wa timu yake, sisi wa kipindi hiki, pamoja na wakazi wa Goba na wa Boko waliomfahamu, tunawapa pole. Mtoto wenu hakuihujumu timu yetu. Alikuwa kiungo bora kuliko wote waliowahi kukanyaga mteremko ule, nasi tulimwambia kinyume chake. Shigeto Kuramochi, mchezaji wa kiungo, mwalimu, apumzike kwa amani.

Nawe msikilizaji mpendwa, huenda yuko mtu, karibu au mbali, anayejilaumu mpaka leo kwa kosa ambalo wewe unajua fika si lake. Huenda amekwisha kubadili hata namna yake ya kuishi kwa sababu hiyo. Kama yuko, na kama yu hai, namba yake unayo. Zima redio, umpigie.